Sare ya Ijumaa

Mama,

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya nyumbani huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Nimekaa kwenye meza ya jikoni nikijaribu, na kila nikitaka kukuuliza hali mkono unasimama. Basi niruhusu nianze na hali yetu.

Dani, nyanya yetu, bado anasumbuliwa na magoti lakini anakula. Baba yuko kule kule Nakuru kwenye mjengo. Akipiga simu anauliza, "Mko sawa?" na sisi tunasema, "Tuko sawa," halafu kila mmoja anangoja mwenzake akate. Kuku wako mwekundu alitaga ndani ya karai lako la kuoshea vyombo na hakuna aliyemfukuza. Mimi niko Kidato cha Nne. Omondi wako yuko Kidato cha Pili, na amerefuka hadi anainama akiingia jikoni. Ni yeye aliyenifanya nichukue kalamu. Yeye na Ijumaa.

Hatuna Ijumaa tena, Mama. Nasema Ijumaa ya shule.

Muhula huu ulipoanza Mwalimu Mkuu alitukusanya gwarideni akatuambia kwamba pesa ambazo shule ilitarajia zimekuja pungufu. Walimu walioajiriwa na bodi hawawezi kulipwa wiki nzima, na hata kuni za jikoni ni shida. Kwa hiyo tutasoma Jumatatu hadi Alhamisi, na vipindi vya Ijumaa vitasukumwa kwenye siku hizo nyingine. Alisema ni kwa muda. Kisha akavua miwani akaipangusa kwa tai, ingawa kutoka pale nilipokuwa sikuona kama ilikuwa chafu.

Wavulana wa nyuma walipiga makofi. "Wikendi ndefu, jameni!" mmoja akapaza sauti. Mimi sikupiga makofi. Ijumaa baada ya chakula cha mchana ndipo kabati la vitabu lilikuwa likifunguliwa. Wewe unajua. Nilikuwa nikirudi nyumbani kitabu nimekificha ndani ya sweta mvua isikiguse, nawe hata kabla sijavua viatu unauliza, "Umekuja na mgeni? Mgeni wa leo anaitwa nani?" Kisha unasogeza sinia la omena, dagaa wa ziwa letu, uanze kuchagua, unatupa kokoto huku na vigamba kule, unasema, "Haya, mgeni aongee kwa sauti, nami nimsikie." Nilidhani unanisikiliza kwa sababu unanipenda tu. Nitarudi hapo, maana kuna jambo nimelijua juzijuzi.

Ijumaa ya kwanza bila shule Omondi alikunywa uji, akaosha kikombe, akatoka. Alirudi jua likielekea kuzama akiwa na unga, mafuta ya kupikia na sukari kidogo. Dani alimshukuru na kumbariki. Mimi nilisikia harufu kabla hajavuka kizingiti.

"Umetoka ufuoni?"

"Ndiyo."

"Mama alikataza."

Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kulifikiria swali hilo njiani. "Mama alikataza siku ya shule. Leo ni siku ya shule, Adhis?"

Nikampokea unga. Mimi ambaye insha zangu husomwa mbele ya darasa nikaenda kupika.

Niruhusu niiandike sheria yako hapa, ingawa ni yako, kwa sababu sijawahi kuiona imeandikwa. Sare haigusi omena. Ulitusimulia ilivyoanza. Ukiwa darasa la saba ulikuwa ukipitia ufuoni kila asubuhi kumsaidia mama yako kuanika, kisha unakimbia shuleni na mikono ile ile, hadi siku mwalimu alipokuhamisha dawati ukakae karibu na mlango kwa ajili ya harufu. Mwaka ule hukuumaliza. Ulipokuwa mkubwa, ukawa na wavu wako wa kuanikia na watoto wako, uliwakalisha chini wanawake wote wa ufuo wetu mkapatana: mtoto yeyote akija na sare ya shule hapewi kazi, hata ya kubeba ndoo. Akionekana, wa kwanza kumwona anaita, "Sare! Sare!" na wa wavu unaofuata anaitikia, na kelele inamsindikiza hadi barabarani. Niliona kijana mmoja mdogo akirudishwa hivyo, anacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini sheria ilikuwa juu ya sare, na Ijumaa hakuna anayevaa sare. Ufuo ulijaa watoto. Wanawake walishangaa kidogo, kisha wakazoea. Kazi ipo na mikono ipo.

Ningeivumilia Ijumaa. Ni Alhamisi iliyonitisha. Omondi alianza kusema, "Tangulia, nakuja nyuma," na mimi natangulia. Jioni nikirudi nalikuta shati lake jeupe likining'inia kwenye msumari vile nilivyoliacha, mikunjo ya pasi bado iko. Mwalimu wake alinisimamisha karibu na maktaba. "Adhiambo, ndugu yako anaumwa?" Niliangalia viatu vyangu. Nilisema nitamuuliza.

Najua jinsi shule inavyomtoka mtu, Mama. Haimtoki kwa siku moja. Unakumbuka mtoto wa jirani aliyesema anasaidia muhula mmoja tu? Sasa ana mashua ya kukodi na mke, na akikutana na wenzake waliovaa sare anavuka upande wa pili wa barabara. Na wewe mwenyewe ulituambia kwamba hukuacha shule, ila siku moja uliona ni kama imekwisha kukuacha. Kila nikilitazama shati lile kwenye msumari niliyasikia maneno hayo.

Sasa nikuambie juu yangu. Tangu tuliporudi kutoka Seme kukuzika, sikuwahi kukanyaga ufuoni. Nikitaka kwenda barabarani nilizunguka nyuma ya kanisa, kwa kuwa pale mbele upepo wa ziwa huleta harufu ya omena zikikauka, na harufu ile ndiyo ya kitambaa chako cha kichwa. Dani ameking'ang'ania kitambaa hicho. Hataki kifuliwe. Nami sitaki kukikaribia.

Ijumaa moja niliwasha makaa mapema, nikaipiga pasi sare yangu, kisha ya Omondi, ambaye alikuwa ameshaondoka. Nikavaa yangu, soksi na vyote. Dani alinitazama kutoka kitini.

"Nyathina, mwanangu, si leo hakuna shule?"

"Ipo kidogo, Dani."

Nikashika sare ya Omondi kwenye henga, nikaibeba juu kidogo isiguse nyasi, nikateremka kwa njia ya mbele ya kanisa.

Unanijua. Darasani mimi huinua mkono usawa wa sikio tu ili mwalimu asiuone. Na sasa nilikuwa nakatiza ufuo mzima, katikati ya nyavu zilizotandazwa, nimevaa sketi ya shule siku isiyo ya shule, na shati la mvulana linapepea mkononi kama bendera. Kijana aliyebeba mabeseni mawili alisimama kunitazama.

"Wee Adhis, umepotea? Shule iko kule juu! Hapa ni samaki!"

"Ama amekuja kuita rejista," mwingine akadakia.

"Mimi niko, mwalimu! Niandike niko!"

Walicheka. Masikio yangu yalikuwa moto. Niliendelea kutembea kwa sababu kugeuka kungenipitisha mbele yao tena.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa mahali pako, Mama. Sikujua kama pako bado pako. Nilidhani mtu mwingine amepachukua zamani, maana nafasi ya kuanikia inagombaniwa. Lakini yale mawe yako bapa yalikuwa kwenye pembe za wavu, hata lile lenye rangi ya buluu iliyomwagika siku tulipopaka mlango. Omondi alikuwa amepiga magoti akigeuza omena kwa mgongo wa mkono, polepole, vile ulivyokuwa ukifanya ili zisivunjike. Hukunifundisha mimi hivyo. Labda hata yeye hukumfundisha, aliona tu.

Kando yake alikaa Mama Risper, yule rafiki yako ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa wanawake wa kukausha. Alikuwa akimsimulia. Nilisikia mwisho tu: ile siku korongo alipokuibia kandambili ukamfukuza na ufagio hadi majini, ukarudi huna kandambili na huna ufagio. Omondi alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu Seme sikuwa nimesikia kicheko kile, na nilisimama pale na henga yangu nikatamani nisingekuja.

Akaniona. Kicheko kikakatika.

"Unataka nini?"

"Vaa."

"Leo Ijumaa, Adhis."

"Najua. Vaa tukae tusome."

"Nani atafundisha?"

"Mimi."

Neno hilo lilitoka kwa sauti kuliko nilivyokusudia, na wanawake wa nyavu za karibu wakageuka. Omondi alisimama. Aliongea chini kwanza, "Unaniaibisha," kisha sauti ikampanda bila yeye kutaka. "Nyumbani hakuna anayemtaja! Dani analia, Baba anakata simu, wewe unajificha ndani ya vitabu. Shuleni hakuna hata mtu mmoja aliyemjua. Hapa wananiambia. Nikija tu, kuna mtu ana kitu cha kuniambia juu yake. Na wewe unataka niache?"

Mama, mimi nilidhani anafuata unga na sukari.

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, kwamba njia ya nyuma ya kanisa, kwamba kitambaa. Kulikuwa na ule mti mkavu uliochimbiwa karibu na wavu wako, ambao ulikuwa ukiutundikia kikapu chako cha chakula. Nikaitundika sare yake pale. Nikakaa mchangani, nikafungua kitabu, na sikuona hata mstari mmoja. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia ndani ya shati, linajaa kifua na mikono, kisha linalegea.

Mama Risper aliliangalia shati lile. Kisha akanyoosha mkono akalichukua beseni kutoka kwa Omondi.

"Ile sare ni ya nani?"

"Yangu, Mama. Lakini sijaivaa."

"Sijauliza kama umeivaa. Nimeuliza ni ya nani."

"Ni yangu."

"Basi imefika. Mimi na mama yako tulipatana hapa hapa kwamba sare haigusi omena. Hatukusema ni lazima iwe na mtu ndani."

Wanawake wawili watatu walicheka. Halafu, kutoka mbali, mtu mmoja akaita, "Sare." Si kwa kelele ile ya siku zote. Wa karibu naye akaitikia, na wa karibu naye, wavu hadi wavu, hadi ikafika kwetu. Sijawahi kusikia neno hilo likiitwa kwa upole hivyo. Nadhani hawakuwa wakimwita Omondi tu.

Yeye alizitupa omena zilizokuwa mkononi mwake, akaondoka kando ya maji, hakugeuka.

Mama Risper na wenzake ndio waliozigeuza omena za wavu wako siku ile. Nilipotaka kusaidia alinigusa bega. "Wewe pia umevaa, mama." Basi nilikaa pembeni ya mawe yako hadi jua likawa kali, mikono juu ya kitabu, nikiangalia watu wengine wakifanya kazi yako, na sikuruhusiwa kugusa hata moja.

Omondi hakunisemesha Jumamosi wala Jumapili. Alikula nje, mgongo kwa mlango. Jumatatu alitembea mbele yangu hadi shuleni kana kwamba tunatoka nyumba tofauti. Nilifikiri nimekupotezea mtoto kwa njia nyingine. Lakini Alhamisi nilipoamka nikaangalia msumari, haukuwa na kitu.

Ijumaa nilishuka tena. Nilifua sare yake Alhamisi jioni akiwa anaota moto na Dani. Nikaitundika pale pale. "Mwalimu ameripoti," Mama Risper akatangaza, na wale vijana wa mabeseni wakapiga saluti. Wasichana wawili wadogo waliacha kuokota vigamba wakaja kuona picha kwenye kitabu changu. Niliwasomea kwa sauti ndogo.

"Paza," akasema mwanamke wa wavu wa pili. "Hata sisi tuna masikio."

Kisha Mama Risper akaniuliza jambo ambalo ndilo nililosema nitalirudia. "Kile cha msichana aliyekuwa akiutafuta mto uliopotea, kiliishaje?"

Sikuelewa amekijulia wapi.

"Si mama yako? Kila Jumamosi alitusimulia yale uliyomsomea Ijumaa. Alikuwa akiiga hata sauti. Tukigeuza omena, yeye anasimulia. Sasa kile aliugua tukiwa katikati. Yule msichana tulimwacha amelala chini ya daraja, na mpaka leo sijui kama aliamka."

Kwa hiyo nilikuwa nikisomea ufuo mzima, na hukuniambia. Labda ulijua ningeona haya nikaacha.

Mama, hata mimi sijui kama aliamka. Ulipolazwa nilikirudisha kitabu bila kukimaliza, na sikutaka kukishika tena.

Omondi alikuja siku ile jua likiwa karibu utosini. Kaptula yake ilikuwa imelowa. Alisimama mbele ya ule mti, akalishusha shati, akalivaa bila kuniangalia, vifungo vimepishana. Akakaa chini, mgongo umeegemea mti, akatoa kitabu cha hesabu kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani.

"Jumamosi ni yangu," akasema, bado hajaniangalia.

"Jumamosi ni yako," nikasema.

"Na Mama Risper aendelee kusimulia."

"Kwani nani ameniziba mdomo?" Mama Risper akajibu. "Wewe piga hesabu. Masikio hayashiki kalamu."

Hivyo ndivyo tunavyokaa sasa. Sitakudanganya kwamba mambo yametengenezeka. Unga wa Ijumaa haupo tena, na Dani anaufanya uji kuwa mwepesi zaidi halafu anasema hana njaa. Walimu wawili wa bodi wameondoka kabisa, na fizikia tunajisomea. Mtihani wangu unakaribia. Watoto wengine wa ufuo bado wanabeba ndoo, maana si kila nyumba ina mtu wa kuleta sare, na mama zao wana sababu zao. Kuna Ijumaa Omondi anavaa shati na kuna moja hakuja kabisa. Sare ilikaa mtini peke yake hadi jioni, nami nikakaa nayo. Alhamisi yake moja moja bado inaniogopesha. Lakini msumari mara nyingi uko wazi.

Jumamosi nashuka pamoja naye, nimevaa gauni kuukuu. Ananifundisha kugeuza kwa mgongo wa mkono. Anasema nina haraka. Anasema, "Mama hangekubali hivyo," na kwa mara ya kwanza nyumba yetu ina mtu anayeanza sentensi kwa jina lako bila wengine kutoka nje. Juzi hata Baba alituuliza kwenye simu, "Ni kweli yule korongo alirudisha kandambili?" Omondi alikuwa amemwambia. Baba alicheka, na hakukata simu.

Jana wakati wa chakula cha mchana nilimfuata mwalimu wa maktaba nikamwomba anifungulie kabati. Niliinua sauti hadi akanisikia mara ya kwanza. Kitabu kilikuwa pale pale nilipokirudisha. Kiko hapa mezani ninapoandika. Sijakifungua.

Mwalimu Mkuu hasemi Ijumaa itarudi lini. Pengine nitamaliza shule kabla haijarudi. Nakuahidi hivi: kila Ijumaa ambayo kengele haitalia kule juu, shati la Omondi litakuwa kwenye ule mti wako, limefuliwa na kupigwa pasi, awe amekuja au hajaja. Nikimaliza mtihani na kuvua sare yangu, bado nitashuka na yake. Wala sitazunguka tena nyuma ya kanisa.

Na leo, baada ya kuitundika, nitakifungua kitabu pale tulipomwacha yule msichana chini ya daraja, na nitasoma hadi mwisho. Nitakaa nikielekea mawe yako. Nitapaza sauti, Mama, nawe usikie.

Oriti, kwaheri.

Mwanao,
Adhiambo